Chumba cha Mtoto Akuaye

Mshonaji mwenye busara akipewa kitambaa cha sare ya mtoto huacha pindo pana chini ya gauni au suruali. Hufanya hivyo kwa sababu anajua kuwa kitambaa hakikui, lakini mtoto hukua. Baada ya mwaka pindo hufumuliwa, na nguo iliyokuwa fupi hurudi kuwa nguo ya heshima. Mwashi hana desturi hii. Aghalabu hujenga chumba cha mtoto kana kwamba mtoto atabaki katika kimo alichokuwa nacho siku msingi ulipochimbwa, ama kana kwamba mtoto hana haja ya chumba mpaka awe mtu mzima. Makosa haya mawili ni ndugu. La kwanza humwona mtoto asiyekua, na la pili humwona mtu mzima ambaye hakupata kuwa mtoto.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, humwita mtoto kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na hutaja mahali pa kuishi katika haki anazodai kwa mzazi wake. Miaka 18 si mingi kwa ukuta wa matofali, lakini kwa mwili wa binadamu ni mapinduzi. Mtoto huzaliwa na urefu wa karibu sentimita 50, na hutoka katika miaka hiyo na kimo kilichozidi mara tatu. Katika muda huo huo huwa kwanza mnyonyaji, kisha mchezaji, kisha mwanafunzi, na mwisho mtu mwenye haya na siri zake. Watu wanne hawa hulala katika chumba kimoja kwa zamu, na kila mmoja hurithi vitu vya mwenziwe aliyetangulia. Swali la mjenzi ni hili: chumba kimoja kitawatoshaje watu wanne?

Wazee wa nchi ya Kilosa na Mikumi walikuwa na jawabu lao. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na jirani zao Waluguru ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na malezi yao ya zamani yalimpitisha mtoto katika malazi mengi. Mtoto mchanga alilala na mama yake. Alipoachishwa ziwa, mara nyingi alihamia kwa bibi, akalala karibu na moto na hadithi. Mvulana alipokaribia utu uzima aliondoka katika nyumba ya wazazi, akalala pamoja na wenzi wake katika kijumba cha vijana. Msichana alikaa kwa mwanamke mzee, na alipovunja ungo akawa mwali, akawekwa ndani, na chumba chake kikawa shule ambayo mwalimu wake alikuwa kungwi. Mtoto wa siku hizo hakuwa na chumba. Alikuwa na watu, na kila mtu alikuwa na mlango wake.

Katika nyumba za Kiswahili zilizoenea Dar es Salaam na katika miji mingine ya Tanzania, safari hiyo ilifupishwa, lakini haikukoma. Nyumba hiyo ina ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani nyuma. Mtoto huanza katika chumba cha mama. Kijana wa kiume akibaleghe hupewa chumba cha mbele, karibu na baraza, au banda la uani, mahali ambapo aweza kuingia na kutoka bila ya kupita mbele ya malazi ya wazazi wake. Vijana wa siku hizi hukiita chumba cha namna hii geto, wakadhani wamezua jambo jipya. Kumbe wamekipa jina geni kijumba cha babu zao.

Jambo la kutazamwa katika desturi hizi ni kwamba hakuna ukuta uliobadilika. Aliyehama alikuwa mtoto. Nyumba zilikaa mahali pake, na mtoto akazipita moja baada ya moja kama msafiri apitavyo vituo. Siku hizi vituo vimepungua. Kati ya mwaka 1973 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, mamilioni ya wakulima wa Tanzania walihamia katika vijiji, na nyumba nyingi zikapangwa kwa safu. Baadaye udongo na nyasi vikapisha matofali ya kuchoma na bati. Bibi huenda yuko kijiji kingine, au amemfuata mwanawe mjini. Baba hajengi tena vijumba vitatu vya fito katika ua mmoja. Hujenga nyumba moja ya kudumu, na katika nyumba hiyo chumba kimoja cha watoto. Chumba hicho kimoja kimetwishwa kazi iliyofanywa zamani na nyumba tatu na wazee watatu. Haistaajabishi kikilemewa.

Tena yako matata mengine yanayozidi haya. Mwananchi wa kawaida hajengi nyumba kwa siku moja. Hujenga kwa mavuno. Mwaka huu hufyatua matofali na kuyachoma. Mwaka ujao huchimba msingi. Mwaka wa tatu hupandisha ukuta mpaka kwenye lenta. Kisha hungoja bei ya bati. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna aibu katika njia hii, maana ndiyo njia ya mtu asiyependa deni. Lakini mtoto hangoji bati. Yeye hukua mwaka wa mavuno na mwaka wa ukame sawasawa. Kwa hiyo katika nyumba nyingi chumba kilichokusudiwa mtoto wa miaka mitatu hupata sakafu mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu, na kitanda kidogo kilichochongwa kwa mapenzi hukuta mwenye nacho amekwisha kukipita.

Mambo haya yalimpata mkulima mmoja wa Mabwerebwere, katika wilaya ya Kilosa, ambaye pia ni seremala. Msingi wa nyumba yake ulichimbwa mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza. Binti alipokuwa na miaka minne kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, na majani yalikuwa yameota katika vyumba. Alipofika miaka saba bati lilipanda. Sasa alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake wa kiume mitano, na chumba chenye sakafu, dirisha na mlango kilikuwa kimoja tu, chumba cha wazazi. Mvulana alilala humo. Binti alilala katika chumba kilichowekwa magunia ya mahindi, pamoja na panya waliofuata mahindi na vumbi la dawa ya kuyahifadhi. Kila mavuno yalipokuwa mema, nafasi ya kulala kwake ilipungua. Baraka ya shamba ilikuwa ikimsonga mtoto ukutani.

Mwaka huo ufuta ulipata bei. Fedha zilitosha kumaliza chumba kimoja, na baba alikusudia kumaliza sebule, kwa sababu sebule ndiyo uso wa nyumba, na mgeni huhukumu kwa anachokiona kwanza. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole:

“Baba watoto, mgeni akija hukaa saa moja, akanywa maji, akaenda zake. Huyu analala humu kila siku. Ulipochimba msingi nilikuwa nimembeba mgongoni. Leo ananisaidia kubeba maji, na chumba chake bado hakijafika.”

“Tutakifikia, mama watoto. Tuanze na sebule.”

“Tutakifikia akiwa ameolewa?”

Baba hakujibu usiku ule. Siku ya pili alichukua futikamba akaingia katika chumba cha magunia, akaanza kupima. Methali husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na yeye kwa mara ya kwanza alikuwa ameingia ndani ya nyumba yake kwa nia ya kuiona.

Chumba kilikuwa na futi 10 kwa 14, na madirisha mawili. Kilipakana na chumba cha wazazi kwa ukuta mmoja, na kwa ukuta wa pili kilitazama uani. Seremala huyu hakuwa na fedha za kujenga tena, lakini alijua jambo moja ambalo kila fundi hulijua: lenta iliyozunguka nyumba nzima hubeba uzito wa juu, na kwa hiyo uwazi wa mlango waweza kufunguliwa chini yake baadaye, kwa uangalifu, bila ya nyumba kudhurika. Kuta ambazo zilionekana kuwa amri ya mwisho zilikuwa bado zina neno la kusema.

Katika ukuta wa chumba cha wazazi alifungua uwazi, akautia pazia bila ya ubao. Uwazi ule ulikuwa wa miaka michache. Mtoto wa miaka mitano akishikwa na homa usiku hana nguvu ya kuita mara mbili, na katika nchi ya mbu mama hulala kwa sikio moja. Walakini uwazi huo haukukusudiwa kudumu. Mvulana akifika miaka saba au minane utazibwa kwa upande wa wazazi kwa matofali yaliyopangwa kwa ubavu, ukuta mwembamba, ili upande wa watoto kibaki kina cha shubaka. Humo zitatiwa mbao tatu, na mlango wa mtoto mgonjwa utakuwa kabati la vitabu vya mwanafunzi. Watu wa Lamu waliijua hekima hii zamani. Kuta za nyumba zao za mawe zina vidaka vingi, ambavyo hukaa vitu bila ya kula nafasi ya chumba.

Uwazi wa pili haukufunguliwa. Aliuchora kwa mkaa juu ya tofali katika ukuta wa uani, akawaagiza wapigaji lipu na mtu wa umeme wasipitishe waya wala kutundika rafu mahali pale. Huo ndio mlango wa siku za mbele. Dini na desturi zote mbili huhimiza watoto watenganishwe malazini. Waislamu hufundishwa kuwa wafikapo miaka kumi kila mmoja awe na malazi yake. Wakati huo ukiwadia chumba kitagawanywa katikati kwa kiambaza cha mbao, na kila nusu itakuwa na dirisha lake. Nusu ya ukumbini itabaki ya binti, na nusu ya uani itakuwa ya kijana, naye atafunguliwa mlango wake.

Mama alikuwa na hofu juu ya mlango wa uani, na hofu yake haikuwa ya bure. Mlango wa kijana ni uhuru wa kijana, na uhuru usio na jicho hugeuka upotevu. Zamani kijumba cha vijana kilikuwa na wakubwa wake, na bibi alimsikia msichana akigeuka kitandani. Ukuta hausikii. Basi walikubaliana kuwa mlango ule ufunguke ndani ya ua wenye wigo, ukabiliane na jiko, mahali ambapo mama huwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Hivyo kijana atapewa njia yake, lakini njia hiyo itapita mbele ya macho yanayompenda.

Baada ya milango ilikuja zamu ya vyombo. Mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, akaweka humo viti, meza na rafu za kimo cha mtoto. Alitaka mtoto aweze kufikia na kurudisha kitu bila ya kumwomba mtu mzima, na walimu wa dunia nzima wamejifunza kwake. Lakini shule hupokea watoto wapya kila mwaka, na kiti kidogo humpata mwenye kukikalia. Nyumba ya mkulima haipati mtoto mpya kila mwaka, wala haiwezi kununua kiti kipya kila mtoto anapoongezeka shubiri. Hekima ya Roma lazima itafsiriwe kwa lugha ya mfuko mdogo: badala ya chombo kidogo, chombo kinachokua.

Chombo cha namna hiyo kimekuwapo siku nyingi, na hakikuletwa na meli. Ni kitanda cha kamba. Kitanda hiki kina matendegu manne ambayo ni miguu yake, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, na mifumbati miwili ya ubavuni. Vyote huungana kwa matundu na ndimi, kisha huwambwa kwa kamba. Mtoto akirefuka, kamba hufunguliwa, mifumbati mifupi hutolewa, mirefu huingizwa katika matundu yale yale, na kitanda huwambwa upya. Matendegu ni yale yale na vitakizo ni vile vile. Kamba ikilegea hukazwa. Mkonge, ulioletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, uliifanya Kilosa na Kimamba kuwa nchi ya mashamba makubwa, na kamba yake si adimu huko. Seremala alichonga vitanda viwili, na kwa kila kitanda jozi mbili za mifumbati, fupi na ndefu. Ndefu akaziweka juu ya kenchi, kavu, zingoje siku yao.

Meza aliifanya ubao mpana, akautegemeza juu ya vigingi vilivyochomekwa katika mbao mbili za ukutani zenye matundu ya kupanda, tundu juu ya tundu. Kila mwaka shule inapofunguliwa, vigingi huhamishwa tundu moja juu, na mtoto hujiona amepandishwa cheo. Ndoano za chandarua alizitia nne darini badala ya mbili, kusudi leo chandarua kimoja kikubwa kifunike vitanda vilivyokaribiana, na kesho viwe viwili. Paipu za waya wa umeme zilizikwa ukutani kabla ya lipu, zikaelekezwa katika nusu zote mbili za chumba, maana taa ya kusomea haina budi kumfikia kila mwanafunzi mahali alipo. Sakafu aliipandisha kuliko ya sebule. Watu wa Kilosa hawajasahau mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowatoa maelfu katika nyumba zao. Na katika kila nyumba anayelala chini kuliko wote ni mtoto.

Magunia yalihamishiwa sebuleni. Hilo lilikuwa gharama ya kweli ya mpango huu, kwa sababu kwa muda mrefu wageni wa nyumba ile walikaribishwa kati ya mahindi. Baba aliona haya mara ya kwanza, na mara ya pili; mara ya tatu alikuwa amezoea. Binti alipolala usiku wa kwanza katika kitanda chake, ndani ya chandarua, hakutoa hotuba. Aliomba taa isizimwe mapema, akafungua daftari. Mtu anayetaka kujua kama chumba cha mtoto kimefaulu asitazame rangi ya ukuta. Na atazame kama mtoto ana mahali pa kuweka kitu na kukikuta kesho.

Hata hivyo mpango ulio bora hauna budi kukiri mwisho wake. Siku moja binti atakwenda shule ya mbali, au atakwenda kwa mumewe. Kijana atafuata kazi Morogoro au Dar es Salaam. Chumba kitabaki na kiambaza chake, shubaka lake na matundu ya vigingi ambayo kila moja ni mwaka. Wengi hapo hudhani kazi ya chumba imekwisha, wakarudisha magunia. Lakini katika ukoo unaohesabiwa kwa mama, mtoto wa binti si mgeni. Ni mwana wa nyumba. Binti huweza kurudi kujifungua, au kuleta mtoto wake kukaa kwa bibi. Na bibi mwenyewe, nguvu zikimwishia, huhitaji chumba kilicho karibu na sauti za watu. Kiambaza kilichopigiliwa kwa misumari michache hung’olewa kwa asubuhi moja, chumba kikawa kipana tena, na mzee akalala upande huu na mjukuu upande ule, kama ilivyokuwa kabla ya bati na saruji.

Kwa sababu hiyo seremala wa Mabwerebwere alimkataza mkewe jambo moja tu. Alimwomba kwamba siku mifumbati mifupi itakapotolewa, isitiwe jikoni kuwa kuni. Na ipande juu ya kenchi, mahali ilipokuwa mirefu, ingoje.

Wajenzi hufundishwa kupima ardhi, uzito na gharama. Vipimo hivi ni vya lazima, lakini havimtoshi mtu anayemjengea mtoto. Kipimo cha nne ni miaka. Anayetaka kujenga chumba cha mtoto na ajiulize nani atalala humo mwaka huu, nani atakuwa humo baada ya miaka mitano, na nani atarudi humo baada ya ishirini. Kisha na aache pindo. Pindo la nguo ni kitambaa kidogo kilichokunjwa. Pindo la chumba ni uwazi uliokusudiwa, ubao usiogongomelewa mno, na nafasi ya kigoda kando ya kitanda kwa mtu mzima atakayekaa humo mtoto akiugua. Haligharimu fedha nyingi. Hugharimu kumtazama mtoto na kuamini kwamba atakua.